Mkono wa Bi Hafidha

Mimi na Hafidha tuliolewa na mume mmoja. Mtu akikwambia ati wake wenza hupendana, muulize kama amewahi kuishi nao. Yeye ndiye mke mkubwa, mimi nikaja nyuma, na marehemu Abdulhadi, Mungu amrehemu, akajenga ukuta katikati ya ua hapa kwetu Shela, Malindi, ili kila mmoja awe na mlango wake na hasira zake. Abdulhadi kaenda, ukuta umebaki, nasi tumebaki nao. Nimemtukana Hafidha juu ya ukuta ule miaka na miaka, naye hakunisaza. Kwa hivyo leo mimi Widad nikikaa kitako nikamsifu, niaminini. Simsifu kwa mapenzi. Namsifu kwa kuwa ni haki yake, na tena nasema sasa hivi akiwa sokoni hanisikii, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hafidha huoka mkate wa mofa. Mofa ni tanuri la udongo lililo mfano wa mtungi mkubwa. Moto huwashwa ndani mpaka udongo ushike joto, kisha donge la unga wa mtama hubandikwa kwa kiganja ubavuni mwa tanuri, huko ndani, mpaka liive. Tanuri likiwa halijafika, mkate huanguka majivuni. Likizidi, huungua nje na ndani bado mbichi. Hakuna kipimo ila mkono. Hafidha hutia mkono kwenye mdomo wa tanuri, huutoa, husema "bado" au "haya". Alifundishwa na mama yake, aliyekuja na ujuzi huo kutoka Faza, visiwani.

Mkono uliojua moto wa tanuri ukajua na moto wa watoto. Sijui ilianza vipi, lakini nilipoolewa niliikuta. Alasiri akina mama huja kununua mkate na mtoto wamempakata. Hafidha hupangusa unga, hugeuza mkono, huweka mgongo wa mkono nyuma ya sikio la mtoto, kisha shingoni, kisha tumboni. "Huyu ni meno, mpe maji." "Huyu mpeleke hospitali sasa hivi, na usipitie kwako kubadilisha nguo." Walikuja wa Shela, wakaja wa Kisumu Ndogo, na hakupokea kitu kwa mtu. Wallahi sikuwahi kumwona akikosea, na mimi nilikuwa nikimvizia akosee.

Binti yake ni mmoja tu, Raihana. Aliolewa na Mahdi, mtoto wa kaka yake Hafidha, na arusi hiyo Hafidha aliipanga mwenyewe tangu posa mpaka biriani. Biriani ilikuwa nzuri, hilo nakubali. Wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Abdulhadi. Kitovu chake kilikawia sana kuanguka, tukasema labda uzi ulifungwa vibaya. Zaidi ya hapo alikuwa mtoto mnene, mcheshi, mwenye kung'ang'ania pua za watu.

Alikuwa ndio kwanza ajifunze kutembea, asubuhi moja akaamka mnyonge. Raihana akamleta kwa mama yake. Hafidha akaweka mkono nyuma ya sikio, shingoni, tumboni. "Hana homa," akasema. "Kapoa kama maji ya mtungi. Kachoka tu, mwache alale." Mtoto akalala. Kufika adhuhuri pumzi ilikuwa imekuwa fupi, midomo imebadilika rangi, na walipofika hospitali alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Daktari alisema ni nimonia, bakteria walijaa mapafuni wakapita mpaka kwenye damu.

"Lakini mama alisema hana homa," Raihana akajibu. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Msiba ukija watu hutafuta wa kumtwika, na katika nyumba ya wake wawili hawaendi mbali. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe vya kahawa matangani, nikasikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hili ni jicho la mke mwenza. Mgumba hapendi kuona." Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Basi Hafidha akainuka kwenye mkeka, macho yamevimba, akasema kwa sauti ya kuuza samaki:

"Msimtie Widad maneno! Mtoto huyu kashikwa na mkono huu, na mkono huu ukasema hana kitu. Anayetafuta wa kulaumu asivuke ukuta. Mimi hapa."

Nikaliweka sinia chini nikaenda jikoni nikalia. Nililia kwa mtoto, na nililia kwa aibu ya kutetewa na mtu niliyemtukana wiki nzima kwa sababu ya kuni. Kama hamjui kwa nini namsimulia Hafidha leo, ndiyo hiyo.

Tangu siku hiyo hakumshika mtoto wa mtu. Akina mama walikuja kwa mazoea, akawauzia mkate na kuwaambia, "Nendeni hospitali." Mkono wa kulia aliuficha ndani ya leso kama mtu mwenye kidonda. Na mkate wenyewe ukaanza kuanguka. Alikuwa akitia mkono tanurini, anautoa, anasita, hasemi "bado" wala "haya". Nikampigia kelele juu ya ukuta, "Leo watulisha majivu, Bi Hafidha?" Akanyamaza. Hafidha, akanyamaza! Hapo nikajua kwamba aliyezikwa si mmoja.

Raihana akamzaa Salman. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hivyo Mahdi akanunua kipima joto, kile cha betri kinacholia pii. Mtoto akipiga chafya, pii. Akikataa kunyonya, pii. Kila mara kipima joto kikasema Salman ni mzima, na wazazi wakalala usingizi. Kumbe masikini walikuwa wameuacha mkono wakaenda kununua mkono mwengine wa betri. Kitovu chake nacho kilikuwa kimekawia kuanguka. Mara alitoka majipu shingoni, makubwa, lakini hayakuwa mekundu wala hayakumtoa kilio. Hafidha alikuwa akiyatazama kwa mbali, hasemi kitu. Raihana alimheshimu mama yake, akimwamkia na kumletea matunda, lakini hata siku moja hakumwambia, "Mama, hebu mshike."

Salman alikuwa kaingia mwaka wa tatu siku ile ya arusi ya Mamburui. Raihana kajipamba, kanukia udi mpaka mwisho wa mtaa, Mahdi kasimamisha tuktuk mlangoni. Mimi nilikuwa kwa Hafidha nikigombania mkate wa jana, ulioanguka.

"Mama, tuangalilie Salman mpaka alasiri," Raihana akasema. "Hakula vizuri, kachoka, lakini hana homa. Nimempima."

Salman siku zote akifika pale hulikimbilia tanuri, na sote hupiga kelele kumzuia. Siku hiyo alikaa pale pale alipowekwa. Hafidha alikuwa ng'ambo ya tanuri, mikono yote miwili imejaa unga. Akamkazia macho. Akatazama muda mrefu mpaka nikaona haya kwa niaba ya mtoto.

"Raihana," akasema, "mvue shati."

"Mama, hana homa."

"Sikukuuliza homa. Mvue shati."

Akamvua. Ndipo nikaona na mimi. Matundu ya pua yalikuwa yakipanuka kila akivuta pumzi, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikiingia ndani, ikitoka, ikiingia ndani. Nikamgusa shingoni. Kapoa, kama mtoto yeyote mzima.

"Mwenzake alikuwa hivi hivi," Hafidha akasema, na sauti ilikuwa si yake. "Mimi nilishika shingo. Kifua sikukitazama."

Mahdi akaingia na kipima joto mkononi. "Shangazi, hebu ona, kinasema—"

"Nimesikia kinavyosema! Hata mkono wangu ulisema hivyo hivyo! Wataka tumzike na huyu kwa kuwa hana homa?"

Mahdi akasimama kama kapigwa kofi. Hafidha akamnyanyua mtoto kwa mikono ile ya unga, akatoka, akapanda tuktuk iliyokuwa ikisubiri kwenda arusini. "Hospitali," akamwambia dereva. Raihana akapanda mbio na viatu vyake vya visigino, Mahdi akapanda kwa dereva, nami nikajisukuma ndani juu ya miguu ya watu. Mkate wote uliokuwa tanurini uliungua. Njiani Hafidha alikuwa akitazama kifua kile kikiingia na kutoka, na mimi nilikuwa nikifikiri: mtoto huyu akifa, Raihana hatapata wa tatu kwa moyo wa kupenda, mimi nitarudi kuwa jicho, na huyu mwenzangu hatainuka tena kwenye mkeka. Nikaomba dua zote ninazozijua na nyengine nikazitunga.

Hospitalini palikuwa na foleni ya akina mama, na watoto wao wanawaka moto kweli kweli. Tulipojaribu kupita mbele, mmoja akamgusa Salman paji la uso. "Huyu kapoa. Wetu wana homa. Kwa nini mpite nyinyi?"

Sikumlaumu, hata mimi ningesema hivyo. Lakini hapo ndipo ulimi wangu, uliozoezwa juu ya ukuta kwa miaka, ukapata kazi ya halali. Nilisema. Sitarudia niliyosema, watoto wasije wakasikia. Muuguzi akatoka kuona nani anachinjwa, akamtazama Salman kifuani mara moja tu, akamchukua mikononi mwa Hafidha akaondoka naye mbio. Wakamtia kile kifaa cha kubana kidole kupima hewa iliyo kwenye damu, nambari zikawa mbaya. Wakamwekea hewa ya oksijeni puani, wakamchoma sindano ya dawa, na muda si muda tukawa ndani ya ambulensi kuelekea Kilifi. Tulipopita Matsangoni Raihana alikuwa kashika vidole vya miguu vya mwanawe, udi na jasho vimechanganyika, na hina ya arusi ya watu mikononi.

Daktari wa wodi ya watoto alikuwa binti wa Kigiriama, jina lake Purity. "Shikamooni, mama zangu," akatuamkia kwanza, kisha akainama kwa mtoto. Alikuwa na mikono ya haraka na maneno ya polepole, namna ninavyopenda. Akatueleza kwamba mapafu yamejaa, ni bakteria wa nimonia, dawa imeshaingia na usiku huo ndio wa kuvuka. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mtu, "Kuna mtoto mwengine katika familia aliyewahi kuugua hivi?"

Raihana akatazama sakafu. Basi Hafidha akaeleza yote. Akaeleza mkono, akaeleza asubuhi ile, vitovu viwili vilivyokawia, majipu yasiyouma. Alieleza kama mtu anayejishitaki kwa kadhi. Daktari aliacha alilokuwa akilifanya, akavuta kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Mama, hebu rudia hapo pa majipu," akasema. "Na kitovu."

Salman alivuka usiku ule. Kesho yake aliomba maji, kesho kutwa akaomba mkate, na alipomvuta daktari nywele wote tukajua karudi mwenyewe. Purity akasema, "Nina wazo, lakini sitaki kulisema bila ushahidi." Akachukua damu ya mtoto na ya wazazi, ikapelekwa mbali kupimwa, na akatupa dawa ya kunywa kila siku wakati tukingoja. Tulingoja kiangazi kizima, mpaka mvua zikaanza.

Siku ya majibu alituita sote. Hafidha alikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka.

"Kila siku tunavuta vijidudu pamoja na hewa," Purity akaanza. "Mapafuni kuna chembe za ulinzi zinazokaa zikivingoja. Juu ya chembe hizo kuna vipokezi, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na kazi yake ni kugusa. Bakteria ana ganda lisilofanana na kitu chochote cha mwili wetu. Kipokezi kikiligusa tu, kinajua huyu si wa nyumbani. Hakuna anayevifundisha. Mtoto huzaliwa navyo."

"Kama mkono wa Hafidha," nikasema. Mdomo wangu hauna mlango.

Daktari akacheka. "Ndivyo hasa, mama. Haya, Bi Hafidha, mkono ukishagusa moto, nini hufuata?"

"Nasema," Hafidha akajibu kwa sauti ndogo. "Nasema ana homa, watu wanakimbia."

"Naam. Na kipokezi nacho husema. Habari hupita ndani ya chembe, mjumbe mmoja humpa mwengine, mpaka mwili mzima unapiga ukunga: mwizi! Homa ni huo ukunga. Wekundu wa jipu, usaha, maumivu, zote ni kelele za mwili ukiita watu wake. Salman ana vipokezi, na vinagusa, na vinajua. Lakini mjumbe mmoja wa katikati amezaliwa hana. Habari inakwama njiani. Bakteria anaingia mapafuni, anavunja, anapita kwenye damu, na nyumba iko kimya."

Kisha Raihana akauliza, "Na Abdulhadi wangu?"

"Damu yake hatuna, siwezi kuapa. Lakini kwa mliyonieleza, naamini alikuwa hivyo hivyo." Akamgeukia Hafidha. "Mama, mkono wako haukukosea. Ulisema hana homa, na kweli hakuwa nayo. Ningemshika mimi siku ile ningesema maneno yale yale."

Nimemwona Hafidha akizika mume, nimemwona akizika mjukuu. Sijapata kumwona akilia vile. Aliutoa mkono ndani ya leso akauweka mapajani akautazama, machozi yakidondoka juu yake, na Raihana akainuka akapiga magoti akaweka kichwa hapo hapo mapajani mwa mama yake. Mahdi akatazama dirishani. Mimi nikampigia kelele mtoto aache kula karatasi, kwa sababu lazima mtu afanye kitu.

"Kautoa wapi ugonjwa huu?" Hafidha akauliza alipoweza.

Purity akaeleza kwamba mtoto hupata nusu ya maumbile kwa baba na nusu kwa mama. Mahdi kabeba kasoro upande mmoja, Raihana kabeba ile ile upande mmoja, na mwenye upande mmoja haugui wala hajui. Mtoto akipata zote mbili, ndiyo hii. Kwa watu wa damu moja hutokea kwa urahisi zaidi.

"Basi ni mimi tena," Hafidha akasema. "Mimi niliwaozesha."

"Mama, kila mtu aliye hai kabeba kasoro moja au nyengine. Hata mimi. Hukuijua, na hakuna ambaye angeweza kuijua. Si kosa la mtu, si laana, wala si jicho."

"Hebu rudia hapo pa jicho, daktari," nikasema. "Na upaze sauti. Nina watu wangu mtaani nataka wasikie."

Tukacheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha Mahdi akauliza lile tuliloliogopa sote. "Atapona?"

"Yule mjumbe siwezi kumrudishia," Purity akasema. "Lakini nisikilizeni. Mwili una kinga ya pili, isiyozaliwa na ujuzi. Hii hujifunza polepole, kila adui inayekutana naye inamkumbuka. Kinga hiyo Salman anayo, nzima. Hatari yake kubwa ni sasa, akiwa mdogo, kabla haijajifunza. Watoto kama huyu wakivuka utoto, wengi maradhi huwapungua mwaka hadi mwaka, wakawa watu wazima kama sisi. Kazi yenu ni kumvusha. Dawa kila siku. Chanjo zote, na za ziada. Na akinywea tu, akikataa kula, akipumua mbio, msingoje homa. Mleteni."

Basi tukamvusha. Jambo la kwanza Hafidha alilolifanya tuliporudi ni kumwita fundi akatoboa ukuta wa Abdulhadi, akaweka uwazi wa mlango usio na mlango. "Macho manne ni bora," akaniambia. "Raihana akiwa kazini, mimi nikiwa tanurini, wewe utamwona. Wewe huoni kingine ila mambo ya watu." Nikamjibu anavyostahili, na kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi. Mimi niliyeitwa jicho! Nikawa kweli jicho la nyumba, na jicho lenyewe likawa la kulinda. Nilimtazama Salman akila, akilala, akicheza mpira na wenzake. Dawa yake asubuhi alikuwa akinikimbia, nami namfukuza mpaka chini ya mnazi wa jirani na kijiko mkononi. Mara nyengine alipata nimonia tena, na mara nyengine jipu la mguu, na kila mara alikuwa kapoa kama samaki, na kila mara tulifika mapema. Hospitali wakatuzoea. Mlinzi wa getini alikuwa akiniona mimi anafungua, hataki kunisikia.

Lakini mkono ule Hafidha hakuutumia tena. Hata baada ya maneno ya daktari. Nikimwuliza husema, "Kwa mtoto huyu haufai kitu. Na wa watu naogopa." Akina mama wakaacha kuuliza. Mkate uliendelea kuanguka siku moja moja.

Sasa Salman ni mtoto wa skuli, meno ya mbele hana, maneno anayo mengi. Juzi juzi, msimu huu wa baridi, mafua yalipita mtaani yakawalaza watoto wote. Alasiri Salman akaingia kwangu kutoka madrasa akikohoa, pua inamiminika. Raihana, aliyekuja kumchukua, akamtazama kifua, kama sote tulivyojifunza. Kifua kilikuwa sawa. Akamgusa shavu, akauondoa mkono haraka. Akamgusa tena. Kisha akapita naye kwenye uwazi wa ukuta mpaka tanurini kwa mama yake, nami nyuma yao, maana kazi yangu ni hiyo.

"Mama," akasema, "mshike."

Hafidha akarudi nyuma. "Mwanangu, unajua kwa huyu mkono wangu—"

"Najua. Mshike."

Na alipoona mama yake hasogei, Raihana akautoa mkono ule ndani ya leso yeye mwenyewe, kwa kifundo, akaugeuza, akauweka nyuma ya sikio la Salman. Hafidha akafumba macho. Akauteremsha shingoni. Akautia chini ya shati, tumboni.

"Ana moto," akasema, kama anayeogopa kusikiwa. Kisha akafumbua macho. "Raihana, ana homa. Huyu ana homa! Wallahi ana homa, mtoto wangu ana homa!"

Nikamvamia mtoto nikamgusa na mimi. Anawaka! Basi sikujizuia, nikapiga kigelegele ambacho sijakipiga tangu arusi yangu. Hafidha akapokea, Raihana akapokea, na majirani wakatoka mbio na vijiko mikononi wakiuliza nani kaposwa.

"Hakuna posa!" nikawajibu. "Salman ana homa!"

Wakatutazama kama wendawazimu. Salman mwenyewe akaudhika. "Nyanya, mimi kichwa chaniuma, na nyinyi mwapiga vigelegele?"

Tukampeleka, maana masharti ni masharti. Purity alipopigiwa simu nikamsikia akicheka huku anapenga kamasi. Akaeleza kwamba mafua haya ni ya virusi, si bakteria, na mwili una njia nyengine za kuvitambua na kupiga ukunga, na hizo za Salman zinafanya kazi vizuri. "Dawa zake haziachwi, na hatutaacha kumtazama," akasema. "Lakini mwambieni Bi Hafidha nimefurahi. Mtoto anavuka."

Kesho yake alasiri nilikuwa nimekaa kwenye uwazi wa ukuta nikimenya viazi. Mwanamke kijana kutoka Kisumu Ndogo akaja na kichanga mgongoni, akanunua mkate, asiondoke. "Bi Hafidha," akasema, "nimesikia vigelegele jana. Nimeambiwa umeanza tena kushika."

Hafidha akapangusa unga. Akanyoosha mkono ule wa kulia, wazi, bila leso. Ulipokaribia shingo ya mtoto akausimamisha hewani.

"Mvue nguo kwanza," akasema. "Nimtazame anavyopumua. Mkono utafuata."

Nikaacha viazi nikamletea mwanamke kiti. Mkate wa siku ile hata mmoja haukuanguka, na sikupata neno la kumtukana.